Sheria ya Mlangoni katika Nchi ya Subirani

Katika nchi ya Subirani, kila mtoto ajuaye kutembea anaijua sheria ya kwanza ya nchi: mwenye kutuma mjumbe atasimama mlangoni pake, uso wake ukielekea njiani, wala hatashika kazi nyingine yoyote mpaka mjumbe huyo arudi na jibu. Sheria hiyo haikubandikwa ukutani wala haifundishwi shuleni, kwa kuwa hakuna aliyeona haja. Mtu wa Subirani anaijua kama ajuavyo njia ya kupeleka tonge mdomoni.

Damari Kilungu hakuijua. Alikuwa mwalimu wa ushonaji katika shule ya misheni ya kwao, mjane mrefu, mkavu wa maneno, ambaye tangu ujana wake hakuna aliyewahi kumkuta ameketi mikono mitupu. Hata kanisani vidole vyake vilipinda leso wakati wa mahubiri, na mahubiri yenyewe aliyakumbuka kuliko wazee wa kanisa. Aliingia Subirani asubuhi ya jua zuri, amebeba gauni la arusi la Tumpale, binti wa kaka yake, limefungwa katika shuka jeupe lisiguswe na vumbi.

Akaona ajabu. Katika kila mlango alisimama mtu, kimya, macho njiani. Nyuma yao vyungu vilikuwa vikifurika jikoni, mbuzi walikuwa wakila nguo kwenye kamba, na hapana aliyegeuka. Damari akainamisha kichwa kwa heshima.

"Poleni na msiba," akasema.

"Hakuna msiba, mama," akajibu kinyozi aliyesimama mbele ya kibanda chake. "Nimemtuma mjumbe akaniletee wembe."

Nyuma yake, kwenye kiti, alikaa mtu aliyenyolewa nusu ya kichwa.

"Tangu lini?" akauliza Damari.

"Tangu Jumatatu," akasema yule mwenye nusu. "Lakini sina neno. Upande huu unapata upepo mzuri."

Nyumbani kwa Tumpale hali ilikuwa hiyo hiyo. Binti alisimama kizingitini, shingo imenyooka kuelekea njiani. Ng'ambo ya barabara, katika mlango wa karakana, alisimama kijana mmoja mpana wa mabega mwenye vumbi la mbao katika nyusi zake.

"Shikamoo, shangazi," akasema Tumpale, bila kugeuza uso.

"Marahaba. Mbona hunitazami? Nimekosa nini?"

"Hujakosa, shangazi. Natazama njia. Na yule pale ndiye Ambilikile, mchumba wangu. Naye anatazama njia. Amemtuma mjumbe kutafuta gundi."

"Basi mnatazamana saa ngapi?"

"Tunatazamana pembeni, shangazi," akasema Tumpale, na shavu lake likaingia kishimo cha tabasamu.

Damari aliposikia habari yote, hakutabasamu. Arusi ya Subirani haikubaliki bila mchele wa Mpungani, vyungu vikubwa vya Chunguni, wapiga zeze wa Zezeni na mchungaji wa Kilimani. Na kila kimoja huombwa kwa mjumbe, kimoja baada ya kingine. Mara ya kwanza walianza na mchele. Mchele ukaja upesi, lakini jibu la vyungu liliporudi, fukusi walikuwa wamekwisha kuumaliza. Mara ya pili walianza na mchungaji. Naye alikubali kwa furaha, wakaanza kuwangoja wapiga zeze, na kabla hawajaitikia, mchungaji akahamishiwa usharika mwingine. Sasa ilikuwa mara ya tatu, na sheria ya uchumba ilisema wazi kwamba arusi ikishindikana mara tatu, uchumba umekufa, wala wawili hao hawataruhusiwa kuposana tena. Siku iliyowekwa ilikuwa ile ya kuandama kwa mwezi, nayo haikuwa mbali.

"Na sasa hivi unamngoja mjumbe gani?" akauliza Damari.

"Wa mchele, shangazi."

"Na wengine watatu?"

"Huyu akirudi."

Damari alilitua gauni juu ya meza, akatoa miwani yake, akamtazama mpwa wake kama alivyomtazama mwanafunzi aliyeshona mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia. Lakini alikuwa mgeni, naye alifundishwa kwamba mgeni hutazama kwanza. Akamtuma mjumbe mmoja dukani kununua vifungo. Kisha, kwa kuwa upindo wa gauni ulikuwa bado haujakamilika, akaketi uani, akatia uzi katika sindano, akashona.

Hakufika mbali. Askari wa Milango, mtu mnene mwenye filimbi shingoni, akasimama mbele yake.

"Mama, umetuma mjumbe?"

"Nimetuma."

"Amerudi?"

"Bado."

"Na hicho kilichoko mkononi?"

"Ni sindano, mwanangu. Hujawahi kuiona?"

"Nimewahi," akasema askari kwa huzuni, "lakini sijawahi kuiona ikienda ilhali mjumbe yuko njiani." Akapuliza filimbi.

Shauri lilisikilizwa Barazani siku hiyo hiyo. Aliyeongoza alikuwa Mzee Kasyupa, Waziri wa Kungoja, mwenye ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri na macho ambayo, hata ndani ya nyumba, yalikuwa yakilitafuta dirisha lielekealo njiani. Adhabu ya kosa lile ilijulikana: mkosaji ataketi juu ya Jiwe la Subira, katikati ya soko, siku nzima ya gulio, kibuyu kitupu kichwani, wala asifanye neno lolote.

"Neno lolote?" akauliza Damari. Kwa mara ya kwanza rangi yake ilibadilika. "Hata kupinda leso?"

"Hata kupinda leso," akasema Waziri kwa upole. "Lakini wewe ndiwe shangazi wa bibi arusi, ndiwe utakayemtoa chumbani, na mkono wa sheria haumgusi mtoa bibi arusi kabla ya arusi. Utalipa baadaye. Una neno?"

"Nitalipa. Sijawahi kukimbia deni. Lakini nina swali, Mheshimiwa. Kama nisingeshona, je, yule mjumbe wangu wa vifungo angekimbia upesi zaidi?"

Watu walitazamana kama ambao wameulizwa ni nani aliyepaka anga rangi. Ndipo akaruka juu Bi Lyangile, kiongozi wa chama cha Wote-Pamoja, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka bonde la pili.

"Mmesikia! Mgeni ameona kwa siku moja tusiyoyaona maisha yetu yote! Kumngoja mmoja mmoja ni upumbavu. Kuanzia kesho, kila mtu awatume wajumbe wake wote kwa pamoja, waende popote, na mwenyewe akacheze ngoma!"

"Mimi sikusema hivyo," akasema Damari.

Lakini makofi yalikuwa yamekwisha kulizamisha neno lake. Kura zikapigwa. Waziri wa Kungoja aliinama, akashindwa kwa adabu kubwa, akatazama dirishani.

Kesho yake nchi nzima ilituma. Aliyehitaji chumvi alituma, na asiyehitaji chumvi alituma pia, asije akaachwa nyuma. Njia zilijaa visigino. Bawabu wa Mpungani, aliyezoea kupokea wajumbe wachache kwa siku, alifungua mlango wake akakuta vichwa kwa vichwa mpaka ng'ambo ya mto, kila kinywa kikisema "Naomba mchele." Akaufunga mlango, akatia komeo, akapanda kitandani.

Wajumbe wakarudi mikono mitupu. Ndipo Bi Lyangile akatoa amri kwamba wote walioshindwa waende tena kwa pamoja, kengele itakapolia. Kengele ikalia, wakaenda. Wakashindwa. Kengele ikalia tena. Katika safari hiyo mlango wa Mpungani uling'oka bawaba, na punda mmoja wa watu akakutwa juu ya paa, wala mpaka leo haijulikani alipandaje.

Wengine walijibiwa, kwa maana si kila mji una mlango dhaifu. Lakini wajumbe hao waliporudi hawakumkuta mtu nyumbani. Waliowatuma walikuwa ngomani, nao walikuwa wamesahau. Basi wajumbe wakakusanyika kisimani, wameshika majibu yasiyo na wenyewe. Mmoja alikuwa na beberu hai aliyemshika kamba, akimwuliza kila apitaye: "Samahani, wewe ndiwe uliyeomba beberu?"

Nyumbani kwa Tumpale mambo yalikuwa nusu kwa nusu. Zezeni waliitikia. Mchungaji mpya wa Kilimani aliitikia. Mpungani na Chunguni walikuwa kimya. Damari alianza kuona matumaini, ndipo alipofika karani wa Wote-Pamoja, akapuliza filimbi mlangoni na kutangaza kwamba majibu yote ya nyumba hiyo yamebatilika.

"Yamebatilika kwa nini?" akauliza Damari.

"Mawili yameshindikana, mama. Likishindikana moja, yote yameshindikana."

"Wapiga zeze wamekosa nini?"

"Hawajakosa."

"Na mchungaji?"

"Naye hajakosa."

"Mbona basi wanaadhibiwa kwa sababu ya bawabu wa mchele?"

Karani alifikiri kwa bidii mpaka jasho likamtoka. "Mama," akasema hatimaye, "tulipiga kura ya Wote-Pamoja. Hatukupiga kura ya Baadhi."

Damari akaufunga mlango, akamwacha akipuliza filimbi nje. Chumbani Tumpale alikuwa amelikumbatia gauni, machozi yakimtiririka bila sauti.

"Usililoweshe," akasema Damari. "Hariri huvimba." Kisha akamfuta machozi kwa leso yake mwenyewe, akachukua mkoba wake wa mkasi na nyuzi, akaenda Mpungani.

Mlango wa Mpungani ulikuwa umeegemezwa kwa gogo. Ndani yake bawabu, Gwakisa, alilala chali na kitambaa chenye maji juu ya paji la uso.

"Umetumwa?" akauliza bila kufumbua macho.

"Sikutumwa. Nimekuja mwenyewe."

"Basi karibu, mama. Waliotumwa ndio sitaki kuwaona."

Damari akaketi juu ya kigoda. Kwa kuwa suruali ya bawabu ilikuwa imechanika gotini katika msukumano ule, akaanza kuishona huku wakizungumza, naye Gwakisa hakukataa.

"Wewe si mvivu," akasema Damari. "Mikono yako inaonyesha. Ni nini kimekushinda?"

"Mama, mimi nina masikio mawili na mizani moja. Wakija wachache, nawahudumia nikicheka. Wakizidi, nawahudumia nikilia. Wakizidi tena, simhudumii hata mmoja. Lakini hilo si baya kuliko yote." Akajiinua kwa kiwiko. "Kuna bwana mmoja wa kwenu kule. Alimtuma mjumbe, nikampimia magunia yake, nikayapakia kwa punda waendao taratibu. Mjumbe akapotea njiani akirudi, labda amelala kwa shemeji yake. Yule bwana akadhani sikusikia, akatuma mwingine. Nikapima tena. Akatuma wa tatu. Sasa bwana huyo analala juu ya mchele kwa kuwa kitanda hakina pa kukaa, ghala yangu imebaki na magunia machache, na wengine wananiita bahili."

"Hukutambua kwamba ni ombi lile lile?"

"Ningetambuaje? Kila mmoja anasema 'Naomba mchele.' Hakuna anayesema 'Naomba mchele, lakini kama ulishanipa, usinipe.'"

Damari akakata uzi kwa meno. Akafungua mkoba, akatoa kipande cha kitenge chenye maua ya zambarau, akakikata mapande kwa mkasi wenye meno.

"Tazama. Ombi moja, kitambaa kimoja. Mjumbe wa kwanza atakuja na pande hili, ulitundike msumarini. Akija wa pili na pande la kitambaa hiki hiki, usiiguse mizani. Mwambie tu lile ulilomwambia wa kwanza."

Gwakisa aliyashika mapande, akayalinganisha maua, akayatenganisha, akayalinganisha tena. Akaanza kucheka taratibu, kisha kwa nguvu, mpaka kitambaa cha maji kikaanguka.

"Nitatundika!" akasema. "Ukuta mzima nitautundika!"

"Na siku utakapougua, tundika hiki nje." Akamkabidhi kitambaa chekundu. "Mjumbe akikiona toka mlimani, na ageuke, asije kukuongezea homa."

"Watajuaje kwamba nimepona?"

"Mara moja moja atakuja mmoja tu, kuchungulia."

Damari aliporudi Subirani alikwenda moja kwa moja Barazani. Kwa desturi ya nchi ile, mtu mwenye adhabu ambayo hajaitumikia ana haki ya kusema mbele ya Baraza, kwa kuwa hana tena la kuogopa. Akasimama, mkoba mkononi.

"Shuleni kwetu vyerehani ni vichache na wasichana ni wengi," akasema. "Sikuwaambia washone mmoja mmoja, vyerehani vingine vikae bure. Wala sikuwaambia wavivamie wote, vikavunjika. Niliweka benchi. Aliyemaliza huinuka, aliye mwanzo wa benchi huketi. Wekeni benchi mbele ya kila nyumba. Watoke wajumbe wachache. Anaporudi mmoja, atoke mwingine. Na ninyi fanyeni kazi zenu, lakini aliyetuma ndiye apokee. Jioni mlango usifungwe mpaka kila aliyetoka benchini awe amerudi, au mmekubaliana kwamba hamumngoji tena."

"Hamumngoji tena?" akauliza Waziri Kasyupa, kana kwamba amesikia neno la matusi.

"Kivuli cha nguzo ya nyumba kikifika kizingitini naye hajaonekana, mhesabuni amepotea. Tumeni mwingine, na kitambaa kile kile."

"Kengele itakapolia!" akasema Bi Lyangile.

"Bi Lyangile, kengele ndiyo iliyoung'oa mlango wa watu. Wote walishindwa pamoja, ukawarudisha pamoja. Kila nyumba irudie kwa wakati wake. Mna kuku?"

"Tunao," wakasema watu wote.

"Kuku wenu hutaga wote saa ile ile?"

Watu wakacheka. "Kuku, mama? Kila mmoja ana saa yake!"

"Vema. Anayeshindwa mara ya kwanza asitume tena mpaka kuku wake ametaga. Akishindwa tena, mpaka ametaga mayai mawili. Akishindwa tena, mayai manne. Hivyo mlango wa watu utapata pumzi, nanyi mtapata mayai. Na akishindwa baada ya hapo, aache, atafute njia nyingine."

Hapo mjadala ukawaka kwelikweli. Mmoja aliuliza kama yai viza linahesabiwa. Mwingine alitaka kujua kama bata wanaruhusiwa, na kambi ya wafuga bata ikatoka nje kwa muda kuonyesha hasira yao, kisha ikarudi kwa kuwa nje kulikuwa na jua kali. Kinyozi akasimama akasema kwamba yeye hana kuku.

"Azima kwa jirani," akasema Damari.

"Jirani naye akishindwa siku hiyo hiyo?"

"Basi azima kwa jirani mwingine. Msimtumie kuku mmoja ninyi wawili, mtarudi kwenye kengele."

Waziri peke yake alikuwa akitazama dirishani. Damari akamtazama juu ya miwani.

"Mheshimiwa, kila niingiapo humu nakuona ukitazama dirishani. Wewe unamngoja nani?"

Hilo pia lilikuwa swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza.

"Nilimtuma mjumbe kwa ndugu yangu Lugano, mfinyanzi wa Chunguni," akasema Mzee Kasyupa taratibu. "Tulikosana kwa ajili ya kigoda cha baba. Nilikuwa nimemkosea, nikamwomba radhi. Mjumbe bado hajarudi."

"Ulimtuma lini?"

"Kabla ndevu hizi hazijaota, mama."

"Na hukumtuma mwingine?"

"Sheria inasema ningoje." Akazipapasa ndevu. "Tena niliogopa. Ningetuma wa pili, je, asingedhani namsumbua?"

"Mwambie ni ombi lile lile. Kama alishakusamehe, hatahitaji kukusamehe upya. Atakujibu tu."

Mzee Kasyupa akainuka, akaligeuzia dirisha mgongo, na watu wanasema ndiyo mara ya kwanza kuiona nyuma ya kanzu yake. Akanyoosha mkono kuikubali hoja ya mabenchi. Bi Lyangile akanyoosha wa kwake juu zaidi, asipitwe, na mikono mingine yote ikafuata.

Siku zile za mwisho kabla ya mwezi kuandama, Subirani ilikuwa nchi ya kupendeza kuitazama. Mbele ya kila nyumba palikuwa na benchi, na kwenye kila benchi wajumbe wakitaniana. Kinyozi alipata wembe, akamaliza upande wa pili. Kuku wakawa watu wakubwa; mtu akipita alisalimia kwanza banda, ndipo mwenye nyumba.

Tumpale alitunga ushanga huku wajumbe wake wakiwa njiani, na Ambilikile akachonga kitanda ng'ambo ya barabara, nao sasa wakatazamana mbele kwa mbele. Wa Zezeni na Kilimani walikuwa wamekwisha kuitikia, na safari hii majibu yao hayakubatilishwa na mtu. Wa Mpungani alitoka na pande la zambarau, kivuli kikafika kizingitini, naye hajaonekana. Tumpale akaenda kusimama mbele ya banda la kuku, amekunja mikono.

"Usimkodolee macho," akasema Damari. "Hata mimi nisingetaga."

Kuku akataga. Mjumbe wa pili akatoka na pande jingine la zambarau, akarudi akikimbia, anacheka.

"Bawabu anasema: maua haya ameshayaona! Magunia yenu yako njiani toka jana, na mjumbe wenu wa kwanza ameteguka mguu, anatunzwa kwake. Hakupima hata punje ya ziada!"

Ilibaki Chunguni. Mjumbe alirudi mapema mno, uso umemshuka. Kule mlangoni alikuwa ameona kitambaa chekundu, kwa maana Gwakisa alikuwa ameieneza desturi ile katika miji yote. Tanuru la Chunguni lilikuwa limebomoka. Kuku wakataga na kutaga, kitambaa kikabaki chekundu. Ambilikile akavuka barabara, akiikunja kofia yake mikononi.

"Shangazi, arusi bila vyungu vya Chunguni ni arusi? Isije ikahesabiwa imeshindikana, nikampoteza."

Hilo halikuwa la Damari kulijibu. Wakaenda kwa Waziri. Mzee Kasyupa aliwaza, akamtazama kijana, akamtazama binti.

"Mchele haujui umepikwa katika chungu gani," akasema. "Kila nyumba ilete chungu chake. Arusi ipo."

Nayo ilikuwepo. Mwezi ulipoandama, ua wa Tumpale ulijaa mafiga kama shamba lililopandwa moto, vyungu vidogo vya kila umbo, hata birika moja la mtu asiye na chungu, na kila mpishi akidai wali wa chungu chake ndio wenye harufu. Kwa sababu ya zile siku za kengele, Zezeni walikuwa wameombwa mara tatu bila kitambaa, wakaja makundi matatu. Damari alipoona hayo alifunga macho kidogo. Lakini makundi yale yalipoanza kupokezana, vifundo vya miguu ya mchungaji mwenyewe vikaanza kutikisika chini ya kanzu. Damari akamtoa bibi arusi chumbani, upindo wa gauni umenyooka kama mstari wa daftari, na vigelegele vikapanda mpaka punda wa watu akaitikia.

Katikati ya ngoma ulisikika mlio wa gari la ng'ombe. Juu yake alikaa mzee mmoja mwenye udongo mkavu mikononi, amekumbatia chungu kikubwa mno, ndicho pekee kilichopona tanurini. Mjumbe wa Waziri, yule mmoja aliyeruhusiwa kuchungulia, alikuwa ameketi kando yake.

"Yuko wapi Kasyupa?" mzee akanguruma. "Nilikujibu siku ile ile, wewe! Mjumbe wako alirudi kwa njia ya chini, akakukuta umeikazia macho njia ya juu kwa ukali hata akadhani umekasirika. Akaogopa kukugutua, akaenda zake kuoa mji mwingine, nami nimesikia juzi tu!"

"Ulijibu nini, Lugano?" akauliza Waziri, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Nilijibu kwamba nimekusamehe, njoo tule. Sasa nimekuja mimi. Mna chochote cha kupika humu?"

Hakuna aliyesikia Waziri alijibu nini, kwa kuwa uso wake ulikuwa umezama begani mwa ndugu yake, na makundi matatu ya zeze yalikuwa yakipiga kwa pamoja, vibaya na kwa furaha.

Siku ya gulio iliyofuata, Damari alikwenda sokoni alfajiri, akaketi juu ya Jiwe la Subira. Bi Lyangile akaja mbio, anahema.

"Mama, shuka! Sheria ya mlangoni imefutwa. Huna deni."

"Sheria imefutwa," akasema Damari. "Neno langu halijafutwa. Leteni kibuyu."

Askari wa Milango akakiweka kichwani pake kwa mikono miwili, kama amvishaye malkia. Asubuhi ile ilikuwa ngumu kwake. Vidole vyake vilitafuta sindano katika mikunjo ya nguo, navyo alivikalia. Watoto wakamwimbia nyimbo za kumcheka. Alisahihisha kibwagizo kwa macho tu. Jua lilipopanda, Tumpale na Ambilikile wakaja kuketi chini miguuni pake, kisha kinyozi, kisha Gwakisa aliyekuja kuuza mchele, kisha ndugu wawili wazee wakigombania kigoda kimoja, safari hii kila mmoja akimlazimisha mwenzake akalie.

Mchana wenye upepo mwanana, Damari akalala usingizi. Alilala ameketi wima, na kibuyu hakikutikisika. Askari akashtuka, akakimbilia Barazani kuuliza kama kulala ni kufanya neno. Baraza likagawanyika papo hapo, na mjadala huo ukaendelea mpaka jua likatua, bila uamuzi.

Mzee Kasyupa ndiye aliyekuja kukishusha kibuyu. "Deni limelipwa," akatangaza, na soko likashangilia.

Damari akafumbua macho, akaitengeneza miwani yake upesi. "Nimelala! Ni nini kimeharibika?"

"Hakuna kilichoharibika, shangazi," akasema Tumpale. "Kazi zote zimeendelea."

Damari akalitazama soko, wauzaji wakikunja bidhaa zao, wajumbe wakirudi mmoja mmoja kwenye mabenchi, na milango ikingoja wa mwisho wao. Akaushusha mguu wake taratibu kutoka kwenye lile jiwe, akalipangusa vumbi kwa leso.

"Gulio lijalo," akamwuliza askari kwa sauti ya chini, "kuna mtu amehukumiwa kukaa hapa, au pana nafasi?"